Barua za Mama wa Magunia

Bwegera, 12 Februari 2024

Kwa wakubwa wenye kulinda Soko ya Serikali mu Mtandao, kule Uvira.

Jambo kwenu, jambo kwa mabibi na mabwana zenu, jambo kwa batoto bote. Sisi huku tuko wazima, Mungu anasaidia. Mvua inanyesha kwa kipimo, mpunga haijalala.

Minye naitwa Noella Niyonsaba, lakini ukifika Bwegera ukiuliza Noella, hawatakuonyesha muntu. Uliza Mama Délice. Nilisoma paka mwaka wa tano ya primaire. Ninaandika na telefone ya shemeji yangu Claude, mwenye anauzishaka unités za kupiga simu ku parking ya magari, na réseau inapatikana tu nikipanda juu ya magunia ya mpunga mu dépôt. Kwa hiyo mukiona herufi imepinda, mujue nimesimama juu ya magunia.

Claude alitusomea tangazo yenu ya Kifaransa. Anasema munatafuta bantu wa kupeleka unga ya uji, ile masoso ya mahindi, soja na mtama, kwa santé ine, vituo vya afya za huku mu plaine, kwa batoto wenye wamekonda. Anasema zamani soko kama hiyo, kazi ya kuuzia serikali, ilipatikana kwa muntu mwenye kujua mulango ya biro, na sasa yeyote anaweza kuomba, ata akiwa na matope ku miguu. Ni kweli?

Sisi tuko ba mama munane. Ile unga tunaijua sababu batoto yetu ndio waliikunywa. Délice wangu aliingia mu santé mwezi ya sita mwaka jana, hana nguvu ata ya kulia. Akatoka anagonga kikombe na kijiko akiomba ingine. Ndipo tukajifunza kuitengeneza sisi wenyewe. Sasa, swali yangu ni


Uvira, 13 Februari 2024

Kwa mwenye kuuliza,

Andiko lako namba 1 limefika. Limekatika kabla ya swali. Sanduku la maswali lina kipimo chake. Likijaa linajifunga lenyewe. Tafadhali anza na swali.

Kuhusu mlango wa ofisi: ndiyo, yeyote anaweza kuomba, kikundi au mfanyabiashara. Matope si kizuizi.

Clovis, karani wa manunuzi


Bwegera, 16 Februari 2024

Mukubwa Clovis,

Aksanti kwa kujibu. Nilionyesha ba mama wenzangu jina yako ku telefone. Alliance, ndiye mukubwa wa kikundi chetu kwa kelele, akauliza: "Serikali imeandika jina ya Noella?" Nikasema hapana, imeandika yake yenyewe. Akasema ata hiyo ni mwanzo.

Unasema nianze na swali. Lakini minye nilifundishwa, muntu akiingia mu nyumba ya bantu na swali mu kinywa bila salamu, huyo ni polisi. Basi nakusalimia mbio mbio: jambo. Swali ndiyo hii. Karatasi ya kikundi chetu iko na stempu ya chefferie, kwa chifu wetu, lakini ilinyeshewa kidogo. Nikiipiga picha na telefone, mutaikubali? Na ile unga ya kuonja tutaileta wapi?

Nikuambie pia juu ya nini ninaandika sana. Papa Délice, jina yake Gaspard, iko kule juu Rurambo, anachunga ng'ombe ya bantu. Anashuka mara moja kwa miezi mitatu, analala siku mbili, anapanda tena. Siku ya mwisho alisema: "Mama Délice, mukipata ile soko, nitashuka kabisa. Nitanunua kinga, baiskeli ya zamani, nitabeba unga yenu paka ku mulango ya santé." Alisema akiwa anafunga viatu, lakini minye nilisikia. Kwa wengine hii ni unga tu. Kwa minye ni bwana kurudi ku nyumba. Usicheke.

Noella


Uvira, 19 Februari 2024

Kwa mwenye kuuliza,

Sicheki.

Picha ya karatasi itakubaliwa kama stempu inasomeka. Ipige mchana, nje, bila kivuli cha mkono. Unga wa kuonjwa uletwe Luberizi tarehe 15 Machi, kilo mbili, katika mfuko usio na jina. Kila mfuko utapewa namba mbele yako, ili waonjaji wasijue ni wa nani.

Salamu zako nimezifikisha nyumbani. Mke wangu anauliza mtoto ana umri gani.

Clovis


Bwegera, 22 Februari 2024

Mukubwa Clovis,

Mwambie bibi yako Délice iko na mwaka moja na miezi saba, na kila ndege yenye kupita anaiita kuku. Ata kunguru. Ata ile ndege ya bazungu yenye kuvuma kule juu.

Picha ya karatasi imeingia, Claude ameona alama ya kijani. Sasa nikuambie kitu, weye peke yako, usiambie ba commerçant. Tangazo inasema unga isikuwe na uchungu, lakini haisemi uchungu inatoka wapi. Iko mu ganda ya soja. Bantu bengi wanakaanga soja na ganda yake, wanasaga. Inanukia vizuri, lakini mutoto anatema. Sisi tunaloweka soja kutoka asubuhi paka asubuhi ingine, tunabadilisha maji mara tatu. Kisha tunaisugua na mikono, mama munane, kila muntu na beseni yake, paka maganda inaelea juu. Vidole vinapauka. Alliance anasema mikono yetu imekuwa ya kizungu, imekosa tu passeport. Kwa kazi hiyo hakuna mashini.

Ukitoa ganda, uchungu inaisha. Ninakuambia hivi ili siku ya kuonja ujue sisi hatubahatishi. Lakini usifikiri ni mwisho. Kunabakia jambo moja, na iko kubwa kuliko zote, sababu bila hiyo uji inapita vizuri mu kinywa kisha tumbo ya mutoto inavimba. Jambo yenyewe ni


Uvira, 23 Februari 2024

Kwa mwenye kuandika,

Andiko namba 3 limepokelewa na limewekwa mahali pake. Limekatika mwishoni. Ukipenda, endelea.

Clovis


Luberizi, 2 Machi 2024
Kwa mukono ya muntu wa moto, mwenye pikipiki

Mama Délice,

Usishangae. Hatujaonana. Minye ni Apolline, mwenye dépôt ya unga na mashini ya kusaga hapa Luberizi, ku barabara ya Bukavu. Minye pia ninatafuta ile soko. Kwa hiyo weye na minye tunashindana, lakini niko mushindani mwenye anajua kama mutoto wako anaita ata kunguru kuku.

Umeshituka? Kaa kwanza. Barua zako, mwanangu, zinasomwa. Kila kitu unaandika mu ile sanduku kinatokea ku ukurasa ya wote wenye kutafuta soko. Walifuta majina yenu tu. Binti yangu ananisomea, na tunacheka, na siku ya bwana yako kufunga viatu hatukucheka. Ku parking hapa ba commerçant wanaulizana: "Mama wa Magunia ameandika leo?" Ndiyo jina yako huku. Sikutafuta sana. Mama munane, Bwegera, dépôt ya mpunga: muntu wa moto alisema "namujua" kabla sijamaliza.

Sasa nikuambie yenye kuniuma. Nimekuibia. Sikuvunja mulango, niliikuta wazi. Niliposoma mambo ya ganda, niliweka soja mu maji ile ile saa. Niliisugua, nikasaga, nikapikia mujukuu wangu. Alikunywa akalamba sahani. Kisha tumbo ikavimba ikawa ngumu, akalia siku mbili. Leo iko muzima. Lakini ndipo nikakumbuka ulisema kunabakia jambo moja kubwa.

Unaweza kunikatalia. Ningekuwa weye, ningekataa na ningecheka. Nilitaka ujue tu: tuko watano wenye kutafuta ile soko, na wote wamesoma mambo ya ganda. Wote wanaloweka.

Apolline wa dépôt


Bwegera, 4 Machi 2024

Mukubwa Clovis,

Leo sina salamu.

Niliandika "weye peke yako". Hayo maneno uliyasoma ao hukuyasoma? Mama mumoja wa Luberizi ameniambia ni kweli barua zangu zinatembea. Anajua mambo ya Gaspard. Anajua mambo ya viatu.

Nimewasomea ba mama barua yake. Alliance alisema: "Noella, tulikutuma ku soko, ukaenda kusimama ku redio."

Niambie kama ni kweli.

Noella


Uvira, 5 Machi 2024

Kwa mama anayeandika akiwa juu ya magunia,

Kanuni inanikataza kukuandikia pembeni, kukupigia simu au kukuona, mpaka zabuni ifungwe. Kwa hiyo hata jibu hili nalitoa hapa, wote wakisoma. Mkuu wangu amelisoma kabla halijatoka.

Ni kweli. Kila swali huonyeshwa kwa wote pamoja na jibu lake, ili asiwepo anayejua zaidi ya mwenzake. Tangazo linasema hivyo chini kabisa, kwa Kifaransa, kwa herufi ndogo. Mimi nilijificha nyuma ya hizo herufi ndogo. Tangu barua yako ya kwanza nilijua hukuzisoma.

Sikukuambia, na sababu yake si nzuri. Ukurasa huu ulifunguliwa Januari. Kwa majuma matatu hakuna aliyeandika hata neno moja. Wafanyabiashara waliendelea kuja mlangoni, kunishika mkono, kuniuliza habari za nyumbani kwa sauti ndogo. Wakubwa walianza kusema mtandao si wa watu wetu, ufungwe. Kisha ukaja wewe na mpunga wako. Watu wakaanza kufungua ukurasa. Walifungua kukusoma wewe, lakini wakifika wanakuta na masharti, na bei, na tarehe, wanaanza kuuliza. Nikaogopa kwamba nikikuonya utanyamaza.

Barua ya ganda la soja haikuwa swali. Ingeweza kubaki kwangu. Niliitoa. Nilifuta mstari mmoja tu, ule wa "weye peke yako". Mtu hafuti mstari kama huo bila kujua anachofanya.

Kuanzia leo, juu ya sanduku pameandikwa kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa: UTAKACHOANDIKA HAPA KITASOMWA NA WOTE. Nimechelewa. Nisamehe.

Clovis


Bwegera, 8 Machi 2024

Kwa mukubwa Clovis, na kwa wenzangu wane wenye kusoma,

Jambo. Sasa najua muko, nitawasalimia vizuri. Leo ni siku ya ba mama, wenzangu wamevaa pagne, vitenge ya kufanana, wanatembea ku barabara wanaimba. Minye niko juu ya magunia yangu. Nitaandika fupi, sanduku isinikate.

Tuligombana siku tatu. Alliance alisema: "Waache. Wanaloweka, wanasugua, hawajui yenye kubakia. Watakuja na unga ya kuvimbisha, sisi tutapita katikati." Nikamuuliza: "Na waonjaji, watajua?" Akasema watajua. Nikasema hapana, ulimi haijui. Tumbo ndiyo inajua, na tumbo inajua kesho yake, soko imeisha kugawanywa. Akaniita mujinga. Akasema: "Gaspard wako atazeeka na mikia ya ng'ombe juu ya huruma yako." Aliniumiza pale pale penye alitaka.

Jana nilienda ku santé kupimisha Délice. Kitanda yake ya zamani, mutoto mwingine analala pale. Mama yake alikuwa anahesabu vidole vya mutoto, polepole, kama muntu anaogopa moja itapungua. Sikumuuliza jina.

Basi jambo kubwa ndiyo hii: CHEMSHENI. Mukitoa ganda, musikaange mbio. Tieni soja mu maji yenye inachemka, iache ichemke nusu saa. Tafuna mbegu moja. Kama inanuka majani mabichi, bado. Ikikuwa tamu kidogo kama karanga ya kuchemsha, mwaga maji, anika mu jua siku mbili, ndipo mukaange na moto mudogo, kisha musage. Bila hiyo soja inagombana na tumbo ya mutoto, ata iwe nyeupe namna gani.

Mukubwa Clovis, safari hii sitaki ufute kitu. Ata huu mustari: nimekukasirikia. Ata huu: salimia bibi yako.

Mama Apolline, mujukuu iko namna gani?

Noella


Uvira, 27 Machi 2024

Kwa wote watano mlioomba zabuni ya unga wa uji, vituo vinne vya Uwanda wa Ruzizi,

Mifuko mitano ilipikwa na kuonjwa Luberizi tarehe 15 Machi. Mmoja ulirudishwa kwa uchungu. Kuhusu minne iliyobaki, mganga aliyesimamia kuonja ameandika maneno haya: "Sikuweza kuitofautisha. Ni kama yote imetoka chungu kimoja." Aliuliza waliotengeneza waeleze walivyofanya. Wote wanne walieleza jambo moja, kwa maneno yale yale.

Kwa kuwa ubora umelingana, kanuni inatazama bei, na uwezo wa kusaga kiasi kinachotakiwa kila mwezi. Dépôt ya Mama Apolline ina mashine, na bei yake ni ndogo. Imepewa vituo vitatu. Kituo cha Bwegera, chenye watoto wachache, kimepewa kikundi cha mama wanane wa Bwegera.

Kuanzia sasa kila tangazo la unga wa uji litasema: soja itolewe maganda na ichemshwe nusu saa.

Mimi nimepewa onyo la maandishi, na ni haki. Nimebaki kwenye kazi. Sasa zabuni imefungwa na ninaruhusiwa kusema la kwangu. Mama Noella, barua yako ya tarehe 8 mke wangu ameichapisha kwenye karatasi, ameibandika jikoni kwetu. Mtoto wetu anatarajiwa mwezi wa saba.

Clovis


Bwegera, 31 Machi 2024, siku ya Pasaka
Kwa mukono ya Ciza, mwenye kupandisha chumvi ya ng'ombe

Papa Délice,

Jambo. Mutoto muzima, minye muzima. Ciza anasema utaipata hii kabla ya siku ya tano. Kama herufi ni nzuri kuliko kawaida, ni sababu leo nimekaa chini.

Iko mambo yenye nilikuficha. Siku ulituma salamu ukauliza "ile soko imefika wapi", nilijibu "inaendelea". Haikukuwa inaendelea. Nilikuwa nimefungua siri ya kikundi mbele ya bantu bote bila kujua, kisha nikaimalizia mwenyewe nikiwa ninajua. Uliza Ciza, ata kule Rurambo labda wanajua sasa kuchemsha soja. Niliona haya kukuambia. Nilifikiri utasema: Noella, ungelinyamaza tungelipata zote ine. Na ingelikuwa kweli. Tungelipata zote ine.

Tumepata moja. Ya hapa kwetu, yenye iko na batoto kumi na ine. Siku Claude alitusomea, ba mama waliangalia chini. Nikangojea Alliance aniseme. Alisimama, akachukua beseni yake, akasema: "Kumi na ine si kitu? Mama ya mutoto wa kumi na ine anaona ni kitu." Kisha akaniambia kwa sauti ndogo: "Lakini telefone, Noella, hutaishika tena." Tukacheka paka Délice akacheka bila kujua.

Jana Mama Apolline alifika na pikipiki. Ni mama mukubwa wa mwili, anaongea kama anauzisha. Alikaa ku jamvi na sisi, akaweka mikono yake mu maji ya soja bila kuombwa. Akasema: "Nimepata soko tatu na niko na mikono miwili. Mashini yangu inajua kusaga, ganda haijui. Mutanisugulia?" Alliance akasema tutafikiri. Tulikuwa tumeisha kufikiri, lakini aliona vizuri amungojeze kidogo.

Kwa hiyo, hesabu yangu ni hii. Si ile yenye uliota. Haitakutoa ku ng'ombe na kukuweka mutajiri. Italisha batatu, kama batatu hawali nyama kila siku. Kinga utaikodisha kwanza. Unaweza kusema: ngoja ikuwe nyingi, ndipo nishuke. Minye ninakuambia, Gaspard, ukingojea ikuwe nyingi, mutoto ataota meno yote bila weye.

Na kama utanikasirikia juu ya ile siri, sawa. Kasirikia hapa. Usikasirikie kule juu, ng'ombe hawana jibu.

Jambo ya mwisho, nisikie vizuri sababu ndiyo naogopa. Délice hatakujua. Ukiingia atalia, atajificha mu pagne yangu, atakuangalia kama muntu wa kodi. Usiseme kitu. Usimubebe. Na usipande tena Rurambo ukisema mutoto amenikataa. Kaa tu ku kiti, kunywa maji, uongee na minye mambo ya mvua. Bageni wote anawaliliaka hivyo. Kisha anatoka, anakuja polepole kuangalia viatu.

Bibi yako,
Noella